Ncha ya Gati Niliyosema Ni Salama

Wiki iliyopita nilifiwa na rafiki yangu, fundi maboti wa Ujiji. Ncha ya gati la zege alilozoea kuvulia ilimeguka akiwa amekaa juu yake, na ziwa likamrudisha ufukweni kesho yake asubuhi. Wasomaji wangu mmezoea nikiandika kwa kifua mbele. Leo naandika nikiwa na hatia.

Kwa wasionijua, niliondoka Kidahwe na begi moja nikarudi na stashahada ya ujenzi, na nyumba yangu ya Kigoma mjini nimeijenga kwa jasho langu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi, hata wazee walininyamazia nikizungumza habari za zege, na sitadanganya, nilifurahia. Marehemu peke yake hakubadilika. Tulisoma darasa moja, yeye akaishia la saba, na aliniita Injinia kwa sauti ile ile ya kumfukuza mbuzi aliyeingia shambani.

Jioni moja mwaka huu alinipeleka kuvua samaki aina ya kuhe kwa mshipi wa mkono. Ziwa lilikuwa limepanda misimu kadhaa mfululizo, sasa linalamba sakafu ya gati. Kabla ya kutia chambo, fundi aliteremsha mshipi wenye kipande kizito cha risasi ubavuni mwa ukuta, akaushika kwa vidole viwili kama anayesikilizia kitu. Hivyo ndivyo wavuvi wa pale wanavyolikagua gati tangu maji yapande: risasi ikining'inia wima, ukuta ni mzima, ikivutwa kwenda ndani, mawimbi yamechimba chini. Katikati ya gati ilisimama wima. Kwenye ncha ikavutwa.

"Hapa hatukai," alisema. "Chini pako wazi."

"Umepaona?"

"Mkono umepaona."

Nikacheka. "Mkono wako una stashahada? Hili ni zege, bwana, si mkate wa kuchovya kwenye chai. Zege haliliwi na maji. Nimesimamia madaraja mimi!"

"Madaraja ya Ziwa Tanganyika?"

"Ya mitoni. Maji ni maji."

"Haya, Injinia. Ukizama nitamwambia mkeo umezama na elimu yako yote."

Nikaenda kukaa kwenye ncha, miguu nje. Kabla ya magharibi nilikuwa na kuhe watatu, yeye hana hata mmoja. Nilimtania njia nzima, na baadaye nikaisimulia habari hiyo mtaa mzima. Tulipofika kwake aliniuliza tena, safari hii bila mzaha, kama kweli pale ni salama. Nikamjibu, "Ni salama. Mimi ndiye ninayesema."

Msibani mjane wake aliniita pembeni. "Shemeji, nilimkataza sana kukaa kule mwisho. Akawa ananijibu, Injinia amepapima." Ningeweza kunyamaza. Watu walikuwa wamenipisha kiti cha mbele, na hakuna aliyekuwa na neno baya juu yangu. Nikamwambia, "Shemeji, sikupima. Nilikaa tu." Alinitazama. Sikuona hasira, na ingekuwa nafuu kuiona. "Basi kawaambie walioko kule," alisema, akageuka kupokea wageni wengine.

Nilikwenda jioni ile ile. Watu wawili walikuwa wamekaa hatua chache kutoka palipomeguka, mishipi majini. Nikawaambia waondoke, chini kumeliwa. Mmoja hakugeuza hata kichwa. "Kilichokuwa kibovu kimeshaanguka, mzee. Na si wewe uliyesema zege haliliwi na maji?" Nikawaeleza kwamba nilikosea. Wakacheka, wakidhani nafanya unyenyekevu wa msibani. Niliwasihi mpaka sauti ikakauka. Waliondoka walipochoka na kelele zangu, na sina hakika kwamba hawajarudi.

Jasho langu silikani, na bado naamini mtoto wa mkulima lazima asome. Lakini mtu wa aina yangu akisema neno, wengine wanaacha walichokijua, na neno hilo halirudi kwa kuliita. Msomi mwenzangu uliyerudi nyumbani, usitamke "salama" kabla hujapima. Na kama hukupima, sema hukupima, wakati aliyekuuliza bado yuko hai kukusikia.