Jiwe Letu Halijasogea

Nyumba yetu iko Ilemela, mlimani, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona ziwa na ukigeuka unaona mawe. Huku kwetu watu hawashangai mawe, wanajenga katikati yake. La kwetu lilikuwa na ukubwa wa basi, limekaa mgongoni mwa mlima kama lililochoka, na nilipojenga nilifanya kama wengi. Chumba cha kulala nilikijengea kuta tatu, nikazifikisha kwenye jiwe, nikaziba kwa saruji pale zilipokutana nalo. Jiwe likawa ukuta wa nne. Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nina ukuta ambao mwizi hawezi kuutoboa.

Sifa hiyo nilikuwa naitoa nusu. Nusu nyingine ni kwamba kokoto za msingi na sakafu yangu zilitoka chini ya jiwe lile lile. Tulikuwa tunawasha moto wa kuni na matairi chakavu juu ya mwamba, ukishapata moto sawasawa tunaupiga nyundo, unapasuka, tunaponda. Baadaye nilipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa mtaa, niliwaruhusu kina mama kuendelea kuponda hapo hapo, kwa sababu walikuwa wapiga kura wangu na kwa sababu aliyeanza nilikuwa mimi. Mgeni akituuliza kama hatuogopi, tulikuwa na jibu moja mtaa mzima: jiwe hili liko hapa tangu ulimwengu kuumbwa. Hilo ni kweli. Tulichoacha kusema ni kwamba vitu lililovikalia tangu ulimwengu kuumbwa sasa vilikuwa sakafuni kwetu, na vingine vilishaondoka na lori.

Ufa aliuona kwanza mke wangu.

"Baba, hapa palikuwa pamezibwa," alisema akionyesha pale ukuta unapokutana na jiwe. "Sasa mkono wangu unaingia."

"Mkono wako umekonda," nikamwambia.

Niliuziba. Mvua za vuli zilipopita ukafunguka tena, nikatundika kalenda juu yake. Mwaka uliofuata ufa ukawa umetokeza chini ya kalenda, nikatafuta kalenda ndefu zaidi. Nacheka ninapoandika, lakini wakati ule niliipima kwa rula kabla ya kuinunua.

Mke wangu alimwita fundi bila kuniuliza. Fundi akapaka utepe mwembamba wa saruji kukatisha ufa, akasema tuuache ukauke, na kama utakatika basi tujue. Ulikatika. Nikasema saruji ya siku hizi imejaa mchanga.

"Mwenyekiti, jiwe linatembea," fundi akasema.

"Jiwe halina miguu."

"Basi nyumba ndiyo inatembea. Chagua wewe, mimi nimepita tu."

Nilimlipa nikamwona mtu wa maneno mengi.

Siku hizi husikia watu wakisema kwamba anayekataa kuona jambo ni mjinga. Mimi nina kidato cha nne changu, nilikuwa karani kiwanda cha pamba hadi nilipostaafu, na nawahakikishia kwamba kazi ya kukataa kuona inahitaji akili nyingi. Kila siku linakuja jambo jipya la kutafutiwa maelezo. Mlango haufungi, nasema mbao zimevimba. Vumbi linadondoka kitandani, nasema ni mchwa. Ningekubali moja tu kati ya hayo, ningelazimika kukubali na lile la kwanza kabisa, kwamba nyundo ya kwanza ilikuwa mkononi mwangu. Kwa hiyo nilikataa yote kwa mpangilio, kama karani.

Kisha akaja binti kutoka halmashauri, na kopo la rangi nyekundu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unatuchorea nini?"

Alichora alama ya X kwenye jiwe, na nyingine kwenye mlango wangu na ya jirani yangu wa chini. Akaeleza kwa adabu kwamba nyumba hizi mbili zihame na uchimbaji wa kokoto usimame. Mke wangu alikuwa anatikisa kichwa kukubali kila neno, hadi nikamwambia akaangalie maharage.

Niliitisha mkutano. Ningeweza kuwaambia watu alichosema yule binti, maana ndicho nilichochaguliwa kufanya. Badala yake niliwauliza, kati ya jiwe na huyo mtoto, ni nani mwenyeji hapa. Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza kama hiyo X ina fidia. Niliposema huenda, jirani yangu mwingine, ambaye nyumba yake ilikuwa mbali kabisa na jiwe, alikwenda kujichorea ya kwake. Kwenye taarifa ya mtaa niliandika kwamba hali ni shwari na wananchi wanaendelea na ujenzi wa taifa. Kwa maana ya kuponda kokoto.

Mke wangu hakucheka. Jioni ile alikiburuta kitanda hadi sebuleni.

"Nalala hapa," alisema. "Au niende Butimba kwa dada."

"Mama, mke wa mwenyekiti akihama chumba, kesho mtaa mzima unahama."

"Si ndivyo alivyosema yule binti?"

"Watu watasema nini?"

"Watasema mke wa mwenyekiti ni mwoga. Mimi siwanii kiti."

Kesho yake alipokwenda sokoni nilikirudisha kitanda chumbani, kwa mikono yangu hii. Aliporudi alikitazama, akanitazama, akaenda kupika. Nikajua nimeshinda. Hilo ndilo neno nililotumia moyoni.

Jiwe lilisogea wiki mbili baadaye, saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Mimi nilikuwa sebuleni nasikiliza redio, yeye alikuwa chumbani anakunja nguo. Halikubingirika kama watu wanavyodhani. Lilijisogeza tu, kama mtu anayetafuta kukaa vizuri kwenye benchi. Likasukuma kitanda hadi ukuta wa pili, na kati ya chuma cha kitanda na ukuta ulikuwepo mguu wake wa kushoto. Alitolewa kwa jeki za lori la kokoto. Hospitali walimkata chini ya goti.

Wageni walikuja na machungwa. Kila mmoja nilimwambia mvua za mwaka huu zimezidi. Yeye alilala akinisikiliza siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Siku ya nne nililetewa fomu ya maafa, nikaijazia pale pale kando ya kitanda chake.

"Chanzo umeandika nini?" akaniuliza.

"Mvua."

"Mvua ndiyo iliyorudisha kitanda?"

Hakupandisha sauti. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akageukia dirishani. Nilikata lile neno, nikaandika kwamba tulichimba chini ya jiwe, kwamba tulionywa, kwamba mwenyekiti aliwadanganya wananchi. Nafasi haikutosha, nikaendelea nyuma ya karatasi.

Kisha nikaitisha mkutano wa mwisho na kuyasema yote hayo nikiwa nimesimama. Nilitegemea kupigwa mawe, ambayo huku hayakosekani. Badala yake walinionea huruma.

"Usijitese, mwenyekiti," akasema yule jirani wa chini. "Ni mvua tu."

"Jiwe limesogea kwa sababu tulilichimba chini," nikasema. "Na sasa limeegemea nyumba yako."

"Si umeona limepata pa kuegemea? Sasa limetulia."

Mama mmoja mponda kokoto akaongeza kwamba jiwe la nyumbani kwao halina shida, maana wao wanachimba upande mmoja tu. Wengine wakaitikia. Nilimtazama kila mmoja na nikajisikia mwenyewe nikiongea, hoja kwa hoja. Nilijiuzulu, wakanipigia makofi, na kesho yake asubuhi nilipokwenda kuchukua vyombo vyetu nilisikia nyundo.

Sasa tunakaa Butimba kwa shemeji yangu. Niliporudi huku kutoka kwenye mkutano ule, mke wangu alikuwa barazani, magongo yake yameegemea ukuta.

"Wamekubali kuhama?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Aliangalia watu wakipita barabarani.

"Na wewe," akasema, "ungekuwa bado na ukuta wako na mimi na mguu wangu, halafu aje mtu asimame mkutanoni akwambie vile. Ungehama?"

Jibu zuri nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

"Hapana," nikasema. "Ningekwambia mkono wako umekonda."

"Haya," akasema. "Angalau hilo sikukulazimisha kulisema. Nipe magongo, nataka kutembea kidogo."