Mgagani Juu ya Tembe

Mgagani unanuka. Nasema unanuka, wala sitaki mtu anirekebishe aniambie unanukia. Wajukuu zangu huziba pua wakipita karibu nao, nami huwaacha wazibe. Pua ni zao, mgagani ni wangu. Mvua za kwanza zikiipiga ardhi nyekundu ya bonde la Mpwapwa, harufu yake chungu hupanda pamoja na ya vumbi lililolowa, na papo hapo mimi huwa mtoto wa miaka minane hivi, nimeshika fimbo, nafukuza kuku. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu msimu ule wa utawala wa Wajerumani, kabla reli haijafika kwetu: kuwalinda viwavi wasidonolewe. Wenzangu walichunga mbuzi na ndama, mimi nikachunga wadudu, na walinicheka mpaka wakachoka wenyewe.

Bibi yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alipanda mgagani mistari mitatu nyuma ya nyumba. Wa kwanza ulikuwa wa chungu cha leo, tukiupika na karanga zilizotwangwa. Wa pili ulikuwa wa kuanika, uwe akiba ya kiangazi. Wa tatu, ule wa karibu na zizi, hatukuruhusiwa kuchuma hata jani moja. Huo ulikuwa wa vipepeo weupe wenye pindo jeusi mbawani, waliokuja kutaga mayai madogo ya manjano chini ya majani. Mayai yakaanguliwa, wakatoka viwavi wa kijani, na viwavi wakatafuna majani mpaka ikabaki mishipa. Majirani waliona ni wazimu mtupu, chakula kupewa wadudu katika nchi ambayo njaa haibishi hodi. Bibi hakujali. Yeye mboga kavu ilikuwa imemvusha kwenye njaa kubwa, na aliamini kabisa kwamba ua lisilotembelewa na kipepeo halitoi mbegu. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alikuwa akisema, akiwatazama wakitua kama mtu anayepokea wakwe.

Halafu ikaja amri. Akida alitoka bomani juu ya punda, mtu wa pwani mwenye kanzu nyeupe na mwavuli, akasimama mbele ya kila tembe akiitangaza kwa Kiswahili ambacho nusu ya watu hawakukielewa, na jumbe wetu akitafsiri kwa Kigogo. Kila nyumba isafishwe hatua ishirini pande zote, lisibaki hata jani. Pakikutwa majani, mwenye nyumba atapigwa kiboko bomani. Mwenye nyumba yetu alikuwa babu, mzee mwenye kifua kibovu, aliyekonda hata mbavu zake zikahesabika. Hakubishana na mtu. Siku ileile alishika jembe akaing'oa mistari yote mitatu, na mimi nililia nikimwita mwoga. Nilimwita hivyo mbele ya majirani, babu yangu mzaa baba, naye akaendelea kung'oa.

Bibi ndiye aliyeinua macho. Tembe, kwa asiyeijua, ni nyumba ndefu ya miti na udongo, na paa lake ni bapa, udongo uliotandazwa juu ya fito. Mvua ikinyesha huota majani yenyewe na hakuna anayeshangaa. “Amri imesema pande zote,” bibi alisema polepole. “Juu haikusema.” Tukakusanya miche iliyokuwa bado na uhai pamoja na viwavi wake, tukaipanda katikati ya paa, mbali na ukingo, babu akitushikia ngazi. Chini palikuwa peupe kama kiganja. Juu, wageni wetu walikuwa wakila. Viwavi walionenepa walitambaa hadi kwenye ncha za boriti zilizochomoza ukutani, wakajifunga kwa uzi mwembamba, wakawa vifuko vidogo visivyojongea, na kila asubuhi nilikwenda kuvitazama nikiwa nimebana pumzi.

Kosa lilikuwa langu. Kila mtoto wa Kigogo anajua kwamba paa la tembe halimwagiliwi maji. Anayelimwagilia anajinyeshea mwenyewe. Lakini mvua ilikatika siku nyingi, miche ikaanza kulala, na bibi alikuwa ameenda kisimani. Nikapandisha vibuyu vitatu vya maji, nikavimimina vyote. Muda si muda akida akafika kukagua. Uwanja ulimridhisha. Akaingia ndani kukwepa jua, akakalishwa kwenye kigoda, babu akampa maji ya kunywa. Nilikuwa nimesimama mlangoni nilipoona tone la tope likidondoka kwenye bega la ile kanzu nyeupe. La pili likafuata.

“Mzee,” akida akauliza, “na jua lote hili, mvua hii inatoka wapi?”

Babu angeweza kunitaja mimi, au bibi. Alijiinua, akakohoa mpaka kikohozi kikamwachia, akasema kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, “Mboga hiyo, bwana. Mimi nimepanda.” Akida akapanda ngazi na kanzu yake, vipepeo wakamzunguka kichwani. Alipoteremka alisema, ng'oa sasa hivi, mambo yaishe. “Chini niling'oa,” babu akajibu. “Hapa sing'oi.”

Askari waliofuatana na akida wakampeleka bomani. Mmoja wao aliyeachwa ang'oe miche alipanda juu, mguu wake ukazama kwenye paa nililolilowesha, akateremka akichechemea na kwenda kusema kazi imekwisha. Babu alirudi siku ya tatu. Alilala kifudifudi, bibi akimpaka mafuta ya nyonyo mgongoni, nami nikapiga magoti nimwombe radhi kwa yale maji na kwa lile neno mwoga. Hakuningoja nianze. Babu akauliza jambo moja tu.

“Wametoka?”

“Wametoka, babu. Vipepeo wote.”

“Basi mbegu zikikauka, ziweke vizuri,” akasema, akafumba macho.

Nikaziweka, na hadi leo ninazo. Wajerumani wameondoka, bomani wamekaa wengine na wengine baada yao, na amri hazijaisha, zimebadili kanzu tu. Bwana shamba hunihimiza ninyunyizie dawa ya wadudu. Mwanangu, akija kutoka mjini, huona haya kwamba uwani kwa mama yake kuna majani yaliyotobolewatobolewa. Nyumba yangu siku hizi ina paa la bati, na bati haliotishi kitu. Mvua ikinyesha linapiga kelele tu. Uwanja wanaotaka ufagiliwe, naufagia. Lakini mstari wa tatu uko palepale, unanuka vilevile, na vipepeo weupe wanatua bila kumwomba mtu ruhusa. Jembe liko nyuma ya mlango. Anayetaka kuung'oa namwambia alichukue, ila kwanza akae kwenye kigoda nimsimulie mgongo wa babu yangu. Wengi wamekaa wakasikiliza. Hajatokea bado aliyelishika jembe.