Jiko Nililolipima kwa Kiuno Changu

Jamani, nimeficha aibu hii mwaka mzima, lakini kwa kuwa Kibondo nzima inaijua na Kasulu wameanza kuisimulia vibaya (eti nilikuwa naiba nyama, uongo mtupu), bora niwasimulie mwenyewe, mnicheke kwa mambo ya kweli.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hilo la hesabu mlikumbuke, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Kwetu ni Muheza. Nililetwa huku na barua ya ajira, nikamuoa Yustina, binti wa Kasulu, na kwa miaka tisa mama yake hakuwahi kutia tonge la nyumbani kwangu mdomoni. Akija anakaa, anasalimia, anakunywa maji aliyoyabeba mwenyewe, anaondoka. Alishasema mbele ya watu: "Mtu wa kupanga ni mpita njia. Nitakula kwake siku nitakayoona jiko lake mwenyewe, limejengwa, halihamishiki." Yustina alikuwa akilia kila mama yake akiondoka bila kula, mimi najifanya sioni, lakini nilikuwa naona.

Basi nikajenga. Nyumba ikaisha, likabaki jiko, nami nikataka la ndani, la kisasa, lenye kaunta ya zege na sinki, maana nilikuwa nimeangalia video kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. (Katika video zote zile hakuna hata mtu mmoja aliyesonga ugali, lakini hilo nililigundua baadaye.) Siku ya kusuka nondo za kaunta Yustina alikuwa Kasulu akimsaidia mama yake kuvuna maharage. Fundi Dezideri, mtu mpole ambaye wazazi wake walitokea Burundi, akaniambia, "Mwalimu, tumungoje mama arudi nimupime kiunoni, kaunta inapimwa kwa mupishi."

Ndugu zangu, hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Nami nikasema, "Kwani mimi sina kiuno? Nipime mimi. Tena mwandike, vyombo vya nyumba hii nitaosha mimi." Nikasimama wima kama gwaride. Nikiwa nimevaa gambuti.

Yustina aliporudi alisimama mbele ya kaunta, ikamfika kifuani. Akaniangalia. "Baba Neema, hii ni meza au mimbari?"

Mtu mwenye akili angeivunja. Mimi nikasema zege limeshakauka, tutaweka ngazi. Tukajenga kidaraja cha matofali chini ya kaunta yote ili mpishi apande. Kidaraja kikaja kuuzuia mlango wa jiko, maana mlango unafungukia ndani, ukawa unafunguka nusu tu, unapita kiubavu, na mtu akiwa amesimama pale juu hata hiyo nusu haipo. Dezideri akashauri tuugeuze mlango ufungukie nje. Nikamwambia hapana, tutoboe kidirisha ukutani, chakula kipitie huko mpaka sebuleni, ndivyo wanavyofanya kwenye video. Ukuta uliobaki wazi ulikuwa ule wa juu ya jiko la gesi lililokaa kwenye kaunta tu, basi tukatoboa hapo hapo, nikakipima kwa sinia. Sinia linapita vizuri sana. Binadamu hatukumpima.

Jumapili ya kukaribisha nyumba ikafika, na mama mkwe akafika. Nilivaa suti yangu ya harusi, koti linanibana lakini nikajikaza. Wageni wamejaa sebuleni, majirani na walimu wenzangu, na Yustina yuko uani anageuza kuku kwenye mafiga (ndiyo, mafiga, jiko la kisasa lilikuwa na plati mbili tu). Mama mkwe akaingia jikoni kiubavu, akakizungusha kichwa taratibu, akapapasa zege, akasema, "Ego, ndiyo. Halihamishiki." Kisha akasema ugali atausonga yeye mwenyewe.

Akapanda kidaraja, mlango ukafungwa na mgongo wake. Sufuria kubwa, unga wa muhogo, watu kumi na watano. Sasa ninyi mnajua ugali wa muhogo, unasongwa kwa nguvu za mabega, mpishi amekaa na sufuria ameibana kwa miguu. Yeye yuko juu ya matofali, kifua kwa kifua na sufuria, na kila akisukuma mwiko sufuria inakimbia juu ya plati. Nikamsikia kupitia kidirisha: "We Yustina! Jiko la mumeo linatoroka!" Yustina akaja mbio, mlango haufunguki. Mama hawezi kushuka, ugali umeanza kukaza, na ugali hauachwi katikati. Akitoka pale na ugali umeharibika, hatakula kwangu. Miaka tisa mingine.

Nami nikafanya nini? Nikachukua vitambaa viwili, nikanyoosha mikono mbele kama mtu anayeruka mtoni, nikajisukuma kwenye kidirisha kutokea sebuleni. Mikono ikapita, kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kelele ya kitambaa. Nikaishika sufuria. "Songa, mama!" Akanitazama. Kumbukeni kwa desturi ya Waha, watu wa huku, mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali, miaka tisa tulikuwa tunasalimiana huku kila mtu anaangalia miguu yake, na sasa pua yangu ilikuwa urefu wa mwiko mmoja tu kutoka kwenye pua yake. Akasonga. Mimi nikashika. Mvuke ukanivaa uso mzima. Ugali ukaiva, akazima gesi, nikasema nirudi.

Sikurudi. Koti lilikuwa limejikusanya mgongoni likawa kama kabari. Nikivuta, linakaza. Nikisukuma, naelekea kwenye ugali wa moto. Na huko sebuleni, mbele ya mkuu wangu wa shule, ilikuwa imebaki nusu yangu ya chini, inapigapiga miguu.

Wakati huo huo akaingia mjomba wa Yustina, mzee Balthazari, aliyechelewa kutoka Murungu. Mnajua salamu za Waha, hazikatwi. Akasimama nyuma yangu, akainama, akaanza kupiga makofi taratibu. "Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye, mjomba," nikajibu nikiwa jikoni.

"Habari za kwako? Watoto? Mke? Mbuzi? Mvua huku mmepata?" Nami najibu moja moja, kila jibu linampiga mama mkwe usoni. Alipomaliza yote, na makofi ya kufungia, ndipo akauliza kwa upole, "Na huko umeenda kutafuta nini?"

Hapo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika sinki, machozi yanamtoka. Kisha akajifuta kwa kanga, akasema ugali ukipoa ni kumtukana mpishi, akakata tonge, akachovya kwenye maharage yake ya Kasulu yaliyokuwa plati ya pili, akanitia mdomoni. "Kula, mwanangu. Ukutani hapo utashinda." Mwanangu! Miaka yote nilikuwa Mwalimu tu. Halafu akakata la pili, akala yeye. Pale pale, juu ya kidaraja changu. Yustina alikuwa amechungulia kwa chini ya ubavu wangu kutoka sebuleni, nikamsikia analia tena, kilio kingine. Na mimi nililia. Nikasema ni moshi, ingawa gesi haina moshi.

Dezideri akaitwa. Akaja na futi yake, akanizunguka, akanipima kwapa hadi kwapa. "Mana yanje, Mungu wangu, Mwalimu! Sasa ndiyo nimekupima sawasawa." Yustina akalipasua koti la harusi kwa kisu cha kuku kuanzia chini hadi kolani, nikatoka kama maharage yanavyotoka kwenye ganda.

Mama mkwe hakuondoka siku hiyo. Alilala, na asubuhi akaagiza kaunta ivunjwe. Dezideri akauliza ampime nani kiunoni. Mama akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu. "Pima hapa."

Ndivyo lilivyo leo. Kaunta inanifika gotini, yeye na Yustina wanasonga wakiwa wamekaa, raha mustarehe, na anakuja kula kila mwezi. Na kwa kuwa nilitamka mbele ya fundi kwamba vyombo nitaosha mimi, kila jioni napiga magoti kwenye sinki langu la kisasa, nasugua sufuria ile ile. Nimeapa sitasimama tena kupimwa kwa kazi ya mtu mwingine. Juzi Dezideri kaniuliza bafu jipya liwe na kimo gani, nikamwambia asubiri, mama anakuja Jumamosi.