Nilimimina wiski jikoni, wazee wa Baraka wakagoma kunywa

Wakuu, habari za humu ndani.

Nimesoma uzi wenu wa kunywa craft beer pamoja na wiski, nikaona nami nitoe yangu. Umri umekwenda sana, sina faida ya kudanganya.

Kosa langu la mwanzo kwenye kazi hii ya kuuza vinywaji: nilimimina wiski jikoni.

Mnaona ni jambo dogo? Subirini.

Ilikuwa mji wa Baraka, kule Fizi, Kongo, miaka ya hamsini inaelekea mwisho. Nilikuwa kijana wa wasiwasi, kila kitu lazima kinyooke. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa naosha vyombo kwa mzungu mmoja wa kampuni ya pamba, ujuzi wa kumimina nikauiba kwa macho.

Bia yetu ilikuwa kasiksi, ile ya ndizi na mtama. Mama aliipika kijijini kwetu, Lubondja. Wiski ndiyo kwanza tulikuwa tumeruhusiwa kununua. Kabla ya hapo ilikuwa ya wazungu tu.

Nilijaribu kuvioanisha wiki nyingi, naandika kwenye daftari. Kasiksi ya siku ya pili bado ni tamu mno, inaifanya wiski iwe chungu kama dawa. Ya siku ya tatu uchachu umeingia, mtama uliokaangwa unanukia. Hapo vinapatana. Funda dogo la wiski, kisha kasiksi. Kuchanganya, marufuku!

Sasa, Mzee Wilondja alikuwa na baraza zuri karibu na soko. Nililitaka nifungue buvette, kilabu kidogo cha vinywaji.

Akaniambia, "Leta pombe yako siku ya Mungu, misa ikiisha. Bazee bakikunywa, baraza iko yako. Bakikatala, usirudi tena kuniomba."

Jumapili wakaja wazee wanane. Nikamimina jikoni, nyuma ya lile baraza, napima kwa kifuniko cha chupa ili glasi zilingane. Nikazifuta, nikazipanga kwenye sinia, nikatoka nazo.

Hakuna aliyegusa.

Nikadhani vipimo vimepishana. Nikaanza kuzipanga upya.

Mzee mmoja akasema, "Mutoto, hii kitu ilizaliwa kule nyuma. Mimba yake sisi hatukuiona."

Mfugaji mmoja wa Bibokoboko, kule milimani, Mprotestanti, alikuwa amekaa pembeni na maziwa yake. Naye akaongeza, "Mi sikunywake pombe. Lakini hata ningekuwa mulevi, leo ningekunywa maziwa."

Wakacheka, mikono yote iko magotini.

Ndipo nikakumbuka nilikozaliwa. Kwetu kinywaji hufunguliwa mbele ya mgeni, na mwenyeji huonja kwanza. Sumu inaogopwa kuliko chui. Mama alinilea hivyo. Mimi nikajifanya mzungu.

Nikanyakua glasi moja, nikanywa.

Wilondja akaniuliza, "Umekunywa yako. Na yetu je?"

Alikuwa sahihi. Glasi saba zilizobaki, siri saba.

Wakuu, nilitaka kukimbia. Lakini lile baraza nililitaka zaidi. Nikaomba kibuyu, nikamwaga glasi zote humo, wote wanaona. Juu yake nikajaza kasiksi. Kazi ya daftari zima ikafia pale. Nikapiga mafunda matatu makubwa, nikampa Wilondja.

Akanywa. Akafuta mdomo.

"Iko mubaya," akasema. "Sasa fungua chupa ingine hapa hapa, tuonje ile ulitaka kutuonesha."

Nilikuwa na chupa ya pili, nimeiweka kwa siku ya ufunguzi. Nikaikata kifuniko mbele yao, nikaonja kwanza, kisha nikawamiminia. Funda la wiski, kisha kasiksi.

Wakazungusha funda mdomoni, wakisikiliza ulimi. Kisha yule mzee aliyesema ya mimba akasogeza glasi yake kwangu. Tupu.

Wilondja akainuka. "Baraza iko yako. Ila mulango ya jikoni, kesho tutaitoa."

Tukautoa kweli, jikoni kukawa wazi machoni pa wateja.

Nilichojifunza: ladha kupatana ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mgeni kuiona mikono yako. Ninyi mnaomimina nyuma ya kaunta, wateja hawawaulizi? Semeni hapa chini, nasoma zote.

Mimi tangu siku ile sijampa mgeni glasi ambayo hakuiona ikijazwa.