Chupa Zilizofukizwa Ubani

Mama yangu haachi chombo cha maji bila kukifukiza. Mtungi, jagi, gilasi za wageni, vyote hupinduliwa juu ya chetezo mpaka moshi wa ubani uingie ndani, ndipo maji yatiwe. Kwake yeye maji yasiyofukizwa ni ya kuoshea miguu. Nimekulia katika harufu hiyo huko kwetu Kiuyu, na pua yangu imeizoea kiasi kwamba siisikii tena, kama mvuvi wa Tumbe asivyosikia harufu ya samaki. Nayasema haya mwanzo kwa sababu watu wa Dar es Salaam waliniuliza, tena kwa kurudia: hukunusa? Sikunusa. Ningenusa nini?

Mimi ni mkemia, na kazi yangu ni kuotesha fuwele za dawa. Nikisema hivyo kijijini watu huitikia kwa heshima na kubadilisha mazungumzo. Lakini si jambo gumu. Dawa nyingi za vidonge, ukiziangalia kwa hadubini, ni chembe zilizojipanga safu kwa safu kama mawe ya ukuta. Dawa ileile inaweza kujipanga kwa namna zaidi ya moja. Namna moja huyeyuka haraka, nyingine hukawia, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Mimi na wenzangu wawili, katika chumba kimoja cha maabara pale Wete, tulikuwa tunaihangaikia dawa ya kichocho. Tulitaka umbo litakalokawia kuyeyuka mdomoni na kuwahi kuyeyuka tumboni.

Aliyewahi kumeza dawa ile hahitaji kuelezwa kwa nini. Kidonge kikubwa, na uchungu wake ukigusa ulimi unakaa mpaka adhuhuri. Watoto wa skuli wanapewa kila mwaka, na kila mwaka kuna wanaokificha shavuni wakaenda kukitema chooni. Mtoto wa kaka yangu ni mmoja wao. Ana kichocho, anakojoa damu, na kila mara dawa anaitema au anaitapika. Keshalazimishwa, keshapigwa, keshabembelezwa kwa halua. Mwaka jana alinishika mkono akaniuliza mbona mimi natengeneza dawa na siitengenezi ile isiwe chungu. Nikamwambia ndiyo hiyo ninayoishughulikia. Basi akakaa kunisubiri.

Miezi ilipita tunapata umbo lilelile la zamani. Tunayeyusha dawa, tunaichuja, tunaiacha ipoe polepole, asubuhi tunatazama: vilevile. Nilikuwa mkali siku hizo, wenzangu walikuwa wakinisalimia kwa tahadhari. Halafu pampu ya maji ya maabara ikaungua. Chupa chafu zikajaa beseni. Nikaona isiwe tabu, nikazipakia kwenye kikapu, nikaenda nazo nyumbani, nikaziosha kwa maji ya kisima na kuzisuuza kwa yale maji safi ya dukani tunayotumia maabara. Nikazianika juu ya kitambaa cheupe ukumbini, nikaenda kulala mchana.

Mama akazikuta. Chupa nzuri za kioo, safi, zina vifuniko, za kazini kwa mwanawe. Angeziachaje? Akatia makaa kwenye chetezo, akachagua ubani wake bora, ule anaouweka kwa ajili ya harusi, akazifukiza moja moja. Kisha akazifunika na kuzirudisha pale pale, kwa mpangilio uleule. Hakuniambia kwa sababu halikuwa jambo la kuambiana. Nani anatangaza kwamba amefukiza vyombo?

Wiki iliyofuata, katika chupa hizo tulizopozea dawa, nikaona fuwele mfano wa sindano. Shingoni mwa chupa, nyembamba, nyeupe, zinameremeta, hazifanani kabisa na zile tulizozizoea. Nikazipima joto la kuyeyukia: zikayeyuka mapema kuliko dawa yetu. Umbo jipya! Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kutazama kuna nini. Nikafungasha baadhi ya chupa kwenda Dar es Salaam, kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha chembe zimejipanga vipi, maana kisiwani mashine hiyo hatuna. Walichotakiwa kufanya ni kuthibitisha tu. Na mimi, badala ya kungoja, nikaenda nyumbani nikamwambia Mama.

Kumwambia Mama ni kuwaambia wote. Alilia, akanishika kichwa akanisomea dua, na kufika Ijumaa Kiuyu nzima ilijua kwamba binti wa fulani kaivumbua dawa ya kichocho isiyo chungu. Wanawake walinipongeza kisimani. Mzee mmoja aliniita daktari. Mtoto wa kaka yangu aliacha hata kuniuliza. Alikuwa ananitazama tu na kucheka peke yake. Mimi nikawa natembea kifua mbele. Kweli nilipendeza.

Pampu ikatengenezwa. Tukaosha chupa maabara, tukarudia kila kitu vilevile. Hakuna sindano. Tukarudia tena, tukapata lile umbo la zamani. Nikawagombeza wenzangu kwamba wameharakisha kupoza, kwamba wametikisa meza, na mmoja akaniambia kwa upole kwamba meza ile hata gari likipita haitikisiki.

Simu ya Dar ikaja asubuhi, ya video, wote tumekaa mbele ya kompyuta. Msimamizi wetu wa huko Dar, mwanamama mtaratibu sana, alionyesha mchoro wa mashine, vilima virefu na vifupi. Akasema hii si dawa yetu kwa umbo lolote. Ni asidi inayotoka kwenye utomvu wa ubani unapochomwa. Inapanda na moshi, inaganda kwenye kioo, na baadaye inaota sindano. Halafu kijana mmoja wa kwao, bila ubaya, akasema, "Dada, chupa zenu tulipozifungua chumba kizima kilinukia harusi."

Wakacheka. Si kicheko kibaya. Wenzangu wawili wakainamisha vichwa wakitazama vidole vyao. Wakauliza ubani umeingiaje maabara, na mbona sikunusa. Hapo ndipo nilipoelewa, nikawaambia ukweli, kwamba niliziosha nyumbani na mama yangu akazifukiza, kwa sababu ndivyo tufanyavyo vyombo vya maji. Msimamizi akasema basi, tumejua, tuendelee, na kuanzia leo chupa hazitoki maabara. Alikuwa mwema. Laiti angenifokea.

Lakini aibu ya Dar ilikuwa ndogo. Nilirudi nyumbani nikamkuta Mama anachambua mchele, nikamweleza. Nilijitahidi kusema taratibu ila sauti ilinitoka kali, nami nikaisikia ilivyo kali na sikuweza kuirudisha. Aliacha mchele. Alitazama mikono yake. "Miye niliona ni vyombo vyako," alisema, "nikataka vinukie." Na mimi sikumwambia si kosa lake, japo halikuwa lake. Kosa la kuosha chupa za maabara ukumbini ni la nani kama si langu? Nilimwomba tu amwambie yule mtoto kwamba dawa haijapatikana, maana siku ya dawa skuli ilikuwa karibu. Akaitikia.

Siku hiyo ilipofika, mimi navaa viatu kwenda kazini, Mama akaja akasimama mlangoni. Akasema hakuweza. Kila alipofungua kinywa mtoto alimwonyesha jinsi atakavyoitafuna. "Kamwambie weye, mwanangu. Weye ndiye uliyeahidi."

Ilikuwa kweli. Nikaenda skuli kwa miguu. Njia si ndefu, nami niliirefusha: nikasalimiana na kila niliyekutana naye, nikaulizia mihogo, nikaulizia wagonjwa. Wengine waliniuliza kuhusu dawa yangu, nikajibu inshallah. Inshallah! Jina la Mungu nalitumia kujifichia.

Nilipofika uwanjani watoto walikuwa wameshakunywa uji na kupanga mstari. Mwalimu anawapima urefu kwa kijiti ajue kila mmoja apewe vidonge vingapi, mwingine anahesabu vidonge, wa tatu ana ndoo ya maji na kikombe. Walimu walijua kabisa kwamba dawa ni ileile ya kila mwaka. Uvumi wa kisimani wao hawakuujali. Wazazi wachache walikuwa wamekaa ukutani, na waliponiona wakanisogezea nafasi. Mbele kabisa ya mstari alisimama mtoto wa kaka yangu. Yule wa kukimbia, wa kujificha nyuma ya choo, leo wa kwanza. Alikuwa amefungwa mtandio mpya. Aliniona, akanipungia, kisha akawageukia wenzake akanielekeza kwa kidole.

Nilimwita. Sauti ilinitoka ndogo na yeye alishanyoosha kiganja. Mwalimu alimwekea vidonge, akamwelekeza kwenye kikombe. Akatikisa kichwa kukikataa. Akavitia vyote mdomoni, akatafuna.

Nilikuwa nimeshafika karibu, naona kila kitu. Taya zilisimama. Macho yakajaa maji, yakamwagika, mabega yakapanda, na koo likawa linapanda na kushuka. Nilijua tumbo lake linataka nini. Alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Akameza kwa nguvu, akameza tena. Uwanja wote ulikuwa unamtazama yeye, naye alikuwa ananitazama mimi. Halafu akaitoa mikono, midomo ina unga mweupe, machozi yanafika kidevuni, akasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie:

"Si chungu, shangazi."

Mvulana aliyekuwa nyuma yake alishapokea vya kwake, akavipeleka kinywani bila maji, meno wazi. Nikapaza sauti asitafune. Nikasema pale, mbele ya walimu na wale wazazi walionisogezea nafasi, kwamba dawa hii si yangu, ni ileile ya zamani. Kwamba ile niliyojisifia haikuwa dawa, ulikuwa moshi wa ubani umeganda kwenye chupa. Kwamba sijatengeneza kitu, wanywe maji mengi na wameze haraka. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alinitazama, kisha akamtazama mtoto wa kaka yangu.

Naye alikuwa bado amesimama palepale, hajajifuta uso. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza. Hapo ndipo alipoomba maji.