Drafti Isiyo na Matusi

Siku ile barazani tulikuwa wanne. Mimi, mume wangu, mdogo wangu wa kiume ambaye tumenyonya ziwa moja, naye kwa mume wangu ni shemeji, na binti yetu wa mwisho aliyetoka Iguguno kuja kumwona baba yake. Majina yao ninayo yote, mpaka ya ubatizo, ila siyaandiki.

Mume wangu alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta. Jembe basi, ng'ombe basi. Kilichobaki cha kuonyesha kuwa bado ni mwanamume ni drafti, aliyoicheza kwa mkono wa kushoto. Kete zetu ni vizibo vya soda, mmoja anavilaza kifudifudi, mwenzake chali.

Hapa kijijini kwetu Kinampanda wanaipenda sana drafti. Mimi sijawahi kuuona utamu wake, ila hao wawili wakicheza, matusi yao yalifika kisimani. Kwetu shemeji ni wa kutaniwa. Mdogo wangu husema, "Ulimwoa dada yangu kwa ng'ombe wenye kikohozi, leo unalipia." Mume wangu naye, "Hata hao walikuwa wengi kwa huyo dada yako. Cheza, mdomo hausukumi kete."

Basi siku hiyo nilimwahi mdogo wangu pale zizini. Nikamwambia, "Leo usimtukane. Mwache ashinde, mgonjwa huyo."

"Dada, atajua."

"Mimi ni mkubwa wako. Nisikilize."

Akanisikiliza. Alimsalimia vizuri, akamuuliza hali, akakaa. Wakacheza kimya. Kete ya kula iko wazi, mdogo wangu anaipita kama haoni. Mume wangu akashinda mara ya kwanza, akashinda ya pili. Binti yetu akapiga makofi. Baba yake hakucheka, alimtazama tu shemeji yake.

"Ng'ombe wangu leo hawakohoi?"

"Pole na ugonjwa, mzee."

"Mzee? Toka lini mimi ni mzee wako?"

Mume wangu akaanza kuokota vizibo, kimoja kimoja, kwa ule mkono wa kushoto, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akasema, "Shemeji yako akikuonea huruma, ujue ameshakuzika." Akamwambia binti yetu amwingize ndani.

Juma lililofuata mdogo wangu alirudi na matusi yake yote, akayamwaga pale mlangoni mwa chumba. Mume wangu akageukia ukuta. Kutembezwa akakataa, uji akakataa. Alizeti hazijachanua, tukamzika. Watu wanasema ni kiharusi. Wao hawakuwepo zizini.

Ninyi wawili mliokuwepo barazani, nimeandika kama ninavyokumbuka, na kichwa changu ni cha kizee. Kama aliyesema "mwache ashinde" hakuwa mimi, njooni mnisahihishe. Nitafurahi sana kuwa nimekosea.