Nyumba ya Kiingereza Iliyokatazwa Moshi

Juzi nimepita Bertrams, mtaa wetu wa zamani huku ugenini, nikaikuta nyumba ile imeezekwa mabati ya kijani. Nikacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira. Wangeyaweka mabati hayo tangu mwaka 2016, rafiki yangu, tungekuwa tunaongea mengine leo.

Ilikuwa nyumba ya Kiingereza. Mwingereza fulani wa zamani alikumbuka kwao, akajijengea. Mifupa yake yote ilikuwa mbao nene zilizoungwa kwa vigingi vya mti, na kati ya mbao kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Juu kulikuwa na nyasi, nene kama godoro, zikishuka mpaka karibu na madirisha. Wapita njia walisimama kuipiga picha. Wao hawakulala humo.

Sisi tuliolala humo ilituchosha. Baba alikuwa mlinzi, na mwenye nyumba, mama mjane aliyehamia kwa mwanawe, alituacha tukae bure ili tuitunze. Na kutunza huko! Usipigilie msumari kwenye nguzo. Usitundike pazia. Usiwashe mkaa. Baba ni mrefu. Kila asubuhi alijigonga kwenye boriti ya mlango wa jikoni, na kila asubuhi alishangaa. Sakafu ilikuwa imelala upande, maharage yakimwagika yanakimbilia kona moja. Vumbi na wadudu walidondoka kutoka darini moja kwa moja kwenye sombe, kisamvu chetu, hata mama akazoea kula huku ameshika mfuniko.

Lakini vyumba vilitosha. Ndiyo maana bibi aliweza kuja kutoka kwetu Uvira kuishi nasi, nikawa nalala naye, kitenge chake kikinukia mawese.

Siku ya kwanza tu alitazama juu, akasonya.

"Nyumba ya nyasi inaombaka moshi," alisema. "Munaiacha na njaa, ndiyo maana wadudu wanaikula."

Kwao moto huwashwa ndani, moshi unapanda, nyasi zinakauka na wadudu wanakimbia. Tulimweleza kwamba hapa ni marufuku. Alitusikiliza kama mtu mzima anavyosikiliza watoto.

Jumapili moja alisema miguu inamuuma, akabaki tulipokwenda kanisani. Tuliporudi, paa zima lilikuwa linafuka. Alikuwa amefunga madirisha na kuchoma majani mabichi ya mkaratusi kwenye beseni la bati katikati ya sebule. Jirani yetu, Mtanga muuza viatu, alikuwa ameshawaita wazima moto na sasa anapiga kelele mlangoni, "Eish, bibi wee, toka nje, nyumba inaungua!"

Haikuungua hata jani moja. Maji ya wazima moto ndiyo yaliyoimaliza: nyasi zilianguka mafungu mafungu sebuleni, na bibi yuko barabarani anawafokea, "Munaiua! Munaiua!"

Mwenye nyumba alitufukuza. Tukapata chumba kimoja Jeppestown, na humo bibi hakuenea. Alirudishwa Uvira. Siku ya safari alimshika baba mkono, akamuuliza kama wadudu walikufa. Baba alisema walikufa wote, ingawa hakuwahi kwenda kuangalia.

Hatukumwona tena. Nyumba ile naichukia mpaka leo, na sitaki mtu aniambie ilikuwa nzuri. Ila ndiyo nyumba ya mwisho ambamo niliamshwa asubuhi na mwanamke mzee akinitania, "Amuka, bwana yangu, bibi yako ana njaa."